Umemaliza Form Four, Sasa Nani Anakungoja Nje?



Shukrani zote ni za Allah (SWT) aliyetufikisha tena Ramadhan, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW). Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu, leo nataka tuzungumze juu ya ulevi. Najua wapo watakaosema, ah, hiyo ni mada ya watu wengine, watoto wetu sisi wamepita madrasa. Hebu ngojeni kwanza.

Mtihani wa KCSE huisha Novemba. Miaka minne kijana ameishi kwa kengele: ya kuamka, ya darasa, ya chakula, ya kulala. Siku moja tu kengele zote zinanyamaza. Chuo, kwa atakayepata nafasi, ni Agosti au Septemba. Hesabu mwenyewe, ni karibu miezi tisa bila ratiba, bila kazi, na marafiki wote wako maskani. Na usiku wa kwanza kabisa kuna pati ya kuagana. Wengi chupa ya kwanza huishika hapo, si kwa kiu, bali kwa sababu wenzake wote wanamtazama.

Jambo hili si letu peke yetu. Norway, wanaomaliza sekondari huvaa suruali nyekundu na kuzunguka na mabasi ya muziki hadi tarehe 17 Mei, sikukuu ya taifa lao, na pombe humwagika kweli kweli. Australia, maelfu humiminika pwani ya Gold Coast mwishoni mwa Novemba kwa wiki wanayoiita Schoolies. Sheria yao inasema miaka 18, kama yetu ya mwaka 2010, lakini wengi wa wale wana 17. Dini mbalimbali, ngozi mbalimbali, ila mlango ni ule ule: shule imekwisha, nyumbani hakuna anayeuliza, na ukubwa unapimwa kwa chupa.

Sasa angalia waliofanya kitu. Huko Australia tangu mwaka 1997 kuna vijana wa Kikristo wanaojiita Red Frogs. Wanawagawia wenzao maji na peremende za umbo la chura mwekundu, wanawapikia vitu kama chapati za maji, na aliyelewa wanamsindikiza mpaka chumbani kwake. Hawamwambii pombe ni nzuri. Wanahakikisha tu ataamka kesho. Nilipowasoma niliona haya kidogo, maana sisi aliyelewa tunamvuka kama takataka tukielekea Taraweh.

Iceland ndiyo iliyonishangaza zaidi. Mwaka 1998, katika kila vijana 100 wa miaka 15 na 16, 42 walisema walilewa mwezi uliopita. Kufikia 2016 walikuwa 5. Walifanya nini? Hawakutegemea mawaidha peke yake. Watoto waliwekewa saa ya kurudi nyumbani usiku, umri wa kununua pombe ni miaka 20, manispaa zikasaidia kulipia michezo na muziki, na wazazi wakatia sahihi mapatano na kutembea mitaani kwa zamu usiku wa wikendi. Tazama umri: 15 na 16. Kinga yao ilianza mapema, kabla ya shule kwisha. Sisi tunaanza kushtuka mtoto ana 19 na ananuka.

Na kwani haya ni mageni kwetu? Pombe haikuharamishwa kwa siku moja. Ilianza aya ya Al-Baqara 219, ikaja An-Nisaa 43 ya kutosogelea Swala katika ulevi, kisha Al-Maida 90 na 91 zikafunga mlango. Anas bin Malik (RA), kijana mdogo wakati ule, ndiye aliyekuwa akiwahudumia watu pombe nyumbani kwa Abu Talha tangazo lilipopita. Akaambiwa aimwage, na njia za Madina zikatiririka. Mji mzima ulimwaga pamoja. Hakuachwa kijana mmoja peke yake apambane na marafiki kumi.

Wazazi, niwieni radhi kwa hili. Uharamu haubadiliki, lakini hofu ya aibu inaua. Kijana amezimia, wenzake wanajua babake ni mkali, basi wanamficha chumba cha nyuma "alale tu". Mtu asiyeamka akiitwa halali huyo, ni mgonjwa. Mlaze ubavu, asije akasongwa na matapishi, msimwache peke yake, msimmiminie maji mdomoni, mpelekeni hospitali. Na baadhi ya zile za magendo huwa na methanoli: macho huona ukungu saa nyingi baadaye, na wengine hawaoni tena. Nchi hii iliwazika wengi Mei 2014, na Kirinyaga wakafa zaidi ya 10 Februari 2024. Mwambie mwanao leo, akiwa mzima, kwamba akipiga simu saa nane za usiku utakwenda kumchukua, na maneno yatangoja asubuhi.

Nanyi vijana wa jumuiya, Ramadhan tunajua kupanga: futari, darsa, mpira baada ya Taraweh. Idd ikipita tunafunga ofisi. Mimi napendekeza tupange Novemba kama tunavyopanga futari. Usiku wa mwisho wa KCSE tuwe na karamu yetu, pilau na mpira, wazazi wawepo. Januari tuwape wanaosubiri chuo kazi: kufundisha watoto madrasa, kompyuta, kuendesha gari. Na aliyekwisha kuonja aitwe pia, apewe timu ya kusimamia. Majina ya watahiniwa wa mwaka huu katika mtaa wetu nimeanza kuyaandika. Wa kwenu niletee kabla ya Idd.