Ilani Apelekewe Nani? Ukaguzi wa Afya na Maji Kisiwani Mombasa

Bwana afya akitangulia mtaani kabla ya bomba, humwadhibu mkaaji kwa kosa la mji. Hayo ndiyo madai ya mada hii. Liverpool, mji wa bandari kama huu wetu, ulipoanza kujisafisha mwaka 1847, uliajiri watu watatu: daktari William Duncan, mkaguzi Thomas Fresh, na mhandisi James Newlands wa kuchimba mitaro ya majitaka. Mkaguzi alikuwa jicho, lakini nyuma yake palikuwa na sepetu. Utaratibu huo ulipovuka bahari hadi kwetu, mhandisi aliachwa nyuma. Profesa W. J. Simpson, aliyetumwa Afrika Mashariki mwaka 1913 kuchunguza usafi wa miji, alipendekeza watu watengwe kimakazi kwa rangi zao, kana kwamba maradhi hutokana na jirani wala si na mfereji. Serikali ya kikoloni iliacha utengano huo wa makazi kisheria mwaka 1923. Mazoea ya kumtafuta mkosaji nyumbani kwake hayakufutwa na waraka wowote.

Tutazame ardhi yenyewe. Sehemu kubwa ya kisiwa imekaa juu ya jiwe la matumbawe, nalo hupitisha maji upesi. Kilichomo kwenye choo cha shimo hakikawii kufika kisimani. Mkaguzi akikifunga kisima hicho, amefanya sawa kitaalamu. Lakini maji ya bomba yakiwa ya mgao, mama wa nyumba atanunua madumu ya mkokoteni na kuyaweka akiba kwenye pipa, na humo ndimo anamozaa mbu aina ya Aedes, anayependa maji safi yaliyotulia na kuuma mchana. Lamu iliyaona hayo mwaka 2004. Ukame ulifanya watu waweke maji majumbani, homa ya chikungunya, inayoenezwa na mbu huyo, ikazuka, na uchunguzi wa damu ukaonyesha kwamba takribani asilimia 75 ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Mwaka huohuo ikaingia Mombasa, ikarudi tena mwishoni mwa 2017.

Atasema msikilizaji: si wafunike mapipa tu? Wafunike, naam. Ila pipa linalochotwa tangu alfajiri hadi usiku halikai limefunikwa, na faini haiongezi maji hata tone. Hoja nzito zaidi ni ya fedha, kwamba ukaguzi ni rahisi na mabomba ni ghali. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi ukaguzi uachwe; hoteli, bucha na soko la Marikiti haviwezi kwenda bila jicho la mtu. Nasema ilani ya mkaguzi ibadilishiwe anwani. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu maji yanayozaa mbu kuwa kero, na Katiba ya 2010 imekabidhi kaunti huduma za maji na usafi. Kwa hiyo kila pipa lenye viluwiluwi liandikwe pamoja na siku ambazo bomba la mtaa huo lilikuwa kavu, na nakala ipelekwe kwa kampuni ya maji na kwa kamati ya afya ya bunge la kaunti, ambako bajeti hupitishwa.