Tuulize Nani Hakufika



Katika maadhimisho haya tunaomba kuzungumzia jambo lisiloonekana upesi. Mkoa wetu wa Njombe una mahindi na viazi tele. Malori yapitayo njiapanda ya Makambako ni shahidi. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban nusu ya watoto wa mkoa huu walio chini ya miaka 5 wamedumaa, ilhali kitaifa ni asilimia 30. Chakula kipo, na mtoto hakui. Kwa nini?

Swali hili si geni kwetu. Mwaka 1983, Njombe ingali wilaya ya Mkoa wa Iringa, Serikali ilianza mpango wa lishe mkoani humo kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Italia. Katika vijiji 168, kila baada ya miezi mitatu, wanakijiji waliwapima watoto wao uzito, wakayajadili matokeo wao wenyewe, wakatafuta chanzo, wakatenda, kisha wakapima tena. Ilibainika kwamba tatizo halikuwa ghala tupu peke yake. Mtoto alilishwa mara chache mno kwa siku. Uji mzito ulijaza tumbo lake dogo kabla ya kumpa nguvu ya kutosha. Na mama alielemewa na kazi. Ndipo vikaanzishwa vituo vya kulishia watoto, na akina mama wakafundishwa kuulainisha uji kwa unga wa kimea. Kati ya mwaka 1984 na 1988, watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka asilimia 56 hivi hadi 38.

Funzo lake ni hili: takwimu hazikuondoka na gari la wageni. Zilibaki kijijini, zikawa mali ya waliopimwa.

Nasi hatuna budi kukiri. Kila sikukuu tumegawa chakula kwa waliofika mlangoni petu. Hatukuuliza nani hakufika: bibi aleaye wajukuu yatima, mama kibarua asiyeweza kuacha kazi, mtoto mwenye ulemavu afichwaye ndani. Sadaka isiyouliza huwafikia wenye miguu myepesi.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba, kwa idhini ya viongozi wa eneo letu na pamoja na wahudumu wa afya ya jamii, tupite nyumba kwa nyumba. Tuulize machache: mtoto anakula mara ngapi kwa siku? Nani humlisha mama akiwa shambani? Alipimwa lini mara ya mwisho? Baba wa nyumba naye aulizwe. Majina yabaki siri; majumla yasomwe katika mkutano wa hadhara, mbele ya walioulizwa, nao ndio waamue lipi litangulie. Mfuko wa hekalu ufuate uamuzi huo, wala usiutangulie. Na baada ya mwaka mmoja tupime tena, ili sisi nasi tupimwe.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kwa heshima yao tunaongeza: mama wa mtoto aulizwe, na akijibu, asikilizwe.