Maradhi ya Chokaa Mwilini na Namna ya Kuyatambua



Mkulima wa viazi katika Busasamana, sekta ya wilaya ya Rubavu iliyo karibu na mpaka wa Kongo, hana desturi ya kumwendea tabibu kwa ajili ya ngozi isiyouma wala kuwasha. Hapasi kulaumiwa, maana safari ina gharama na shamba halingoji. Lakini yako maradhi adimu ambayo dalili yake ya kwanza ni ngozi kama hiyo, na mwisho wake huweza kuwa kupotewa na nuru ya macho.

Matabibu huyaita sudozanthoma elastikamu, jina lililotolewa mwaka 1896 na Darier, tabibu wa Kifaransa. Nyuzi zinazoifanya ngozi ivutike na kurudi huingiwa na chokaa, zikakatika. Na chokaa hiyo hushika pia kuta za mishipa ya damu na utando mwembamba ulio nyuma ya jicho. Mara nyingi huanza utotoni au wakati wa kubalehe, kwa vipele vidogo ubavuni mwa shingo, kisha kwapani na kwenye mikunjo ya viwiko, mithili ya ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Vitabu husema vipele hivyo ni vya manjano. Juu ya ngozi nyeusi umanjano huo waweza kufichika, na huenda vidole vya mama amwogeshaye mtoto vikatambua mapema kuliko macho.

Kinachochelewesha utambuzi ni kutawanyika kwa dalili. Mwenye macho mabovu huenda kwa tabibu wa macho. Yule ambaye miguu humkaza akitembea kidogo, au atapikaye damu, hupelekwa kwingine. Na shingo haiulizwi na mtu. Hata huko Sweden, ni mwaka 1929 ndipo Bibi Grönblad, tabibu wa macho, na Bwana Strandberg, tabibu wa ngozi, walipoonyesha kwamba ngozi ile na macho yale ni ugonjwa mmoja.

Ili kuthibitisha, hukatwa kipande kidogo cha ngozi, kikatiwa rangi ionyeshayo chokaa na kutazamwa kwa hadubini. Jicho nalo hutiwa dawa ya kupanua mboni, na nyuma yake huonekana michirizi kama nyufa. Michirizi peke yake haitoshi, kwa kuwa ugonjwa wa selimundu pia huweza kuileta. Yafaa damu ipimwe. Basi atokaye kwa mshauri wa afya wa kijiji hadi kituo cha afya, na kutoka hapo Hospitali ya Gisenyi, na aombe shingo na macho vitazamwe pamoja, kabla ya kupelekwa Kigali au kwenye kliniki ya macho ya Kabgayi.

Maradhi haya hayaambukizi, wala si uchawi. Mwaka 2000 wataalamu waligundua jeni yake, ABCC6. Wazazi wote wawili huweza kuibeba iliyo mbovu nao wakiwa wazima, na kila mtoto wao ana nafasi 1 katika 4 ya kuugua. Wazazi walio mabinamu wana hatari zaidi ya kukutana na jambo hilo. Kwa hiyo mmoja akitambuliwa, ndugu zake nao hawana budi kutazamwa.

Dawa ya kuiondoa chokaa haijapatikana. Mgonjwa huonywa aache tumbaku na ajihadhari na pigo la jicho. Mishipa ya damu ikianza kuvuja nyuma ya jicho, sindano itiwayo ndani ya jicho huweza kuokoa uoni, iwapo haikuchelewa. Mwenye maradhi haya akiona mwimo wa mlango umepinda ilhali umenyooka, na aende siku ile ile.