Biashara ya Usalama: Nani Hulindwa, Nani Hulipa?



Jambo tulilokuja kulizungumza halitajwi mara nyingi mimbarini. Ni biashara ya usalama. Tunamaanisha zile bidhaa na huduma ambazo makampuni ya ng'ambo huziuzia serikali za nchi zinazoendelea kwa madhumuni ya kulinda raia: gesi ya kutoa machozi, marungu na ngao, redio za polisi, magari ya doria, mitambo ya kuchapisha pasipoti, maabara za kuchunguza uhalifu, hata mafunzo ya askari wenyewe. Katika biashara hii yupo muuzaji, na yupo mnunuzi anayetia sahihi. Mwananchi, ambaye hulipa bei na ambaye mwili wake ndio utakaolindwa au kupigwa, haalikwi mezani. Hoja yetu ni moja: siri inayofunika ununuzi wa zana za usalama ndiyo hiyo hiyo inayofunika kipigo na wizi, na kila anayedai mageuzi hana budi kuifunua.

Hatusemi kwamba taifa lisinunue zana za usalama. Tumezika watu wengi mno kusema hivyo. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu liliwaua watu zaidi ya 200 jijini Nairobi katika shambulio la ubalozi wa Marekani. Mwaka 2013 watu 67 waliuawa katika jumba la Westgate, na mwaka 2015 watu 148 wakauawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wakiwa wanafunzi. Polisi asiye na redio wala gari hawezi kumfikia raia aliye hatarini. Kwa sababu hiyo hasa, kwa kuwa usalama ni uhai, ununuzi wake wapaswa kuchunguzwa kwa makini kuliko ununuzi wa kitu kingine chochote. Tuchukue mifano miwili kutoka historia yetu wenyewe.

Mfano wa kwanza unawahusu moja kwa moja waumini walio hapa. Sabasaba ya mwaka 1990 Wakenya walidai vyama vingi, na Desemba 1991 kifungu cha 2A cha Katiba kikafutwa. Lakini vyama vingi vilikuja huku sheria za kikoloni za kuzuia mikutano zikiwa bado mahali pake. Ndipo tarehe 7 Julai 1997 wananchi wakaitwa tena kukutana kudai mageuzi ya Katiba kabla ya uchaguzi. Polisi waliwakabili sehemu nyingi za nchi. Jijini Nairobi waliingia ndani ya Kanisa Kuu la All Saints, wakarusha gesi ya kutoa machozi na kuwapiga watu waliokuwa wamekimbilia humo, akiwemo Mchungaji Timothy Njoya wa PCEA. Siku hiyo watu kadhaa walipoteza maisha. Ulimwengu uliona picha za damu mahali pa sala.

Wengi tulimuuliza Mungu ilikuwaje. Wachache walimuuliza mwanadamu swali lililo jepesi zaidi: kopo lile la gesi lilitoka wapi? Zana kama hizo huagizwa kutoka nchi za viwanda. Kuna kiwanda kilichozitengeneza, kuna benki iliyopitisha malipo, na kuna afisa wa serikali ya kigeni aliyetia sahihi leseni ya kuzisafirisha. Kila mmoja wao angeweza kusema hapana.

Na katika mwaka huo huo wa 1997, mmoja alisema. Serikali ya Uingereza ilikataa maombi ya leseni ya kuiuzia Kenya zana za kutuliza ghasia, zikiwemo marungu, gesi ya kutoa machozi na bunduki za kuirushia. Ilikuwa hatua njema, nayo ilichochewa na kilio cha Wakenya pamoja na marafiki zao wa ng'ambo. Lakini Amnesty International ilieleza baadaye kwamba mlango wa Uingereza ulipofungwa, gesi iliruhusiwa kutoka Ufaransa. Mfanyabiashara akifukuzwa soko moja huhamia la pili. Aibu za namna hiyo ndizo zilizoufanya Umoja wa Ulaya upitishe, Juni 1998, kanuni za mwenendo kuhusu uuzaji wa silaha. Kanuni hizo zilizitaka nchi wanachama zipime kama mnunuzi anaheshimu haki za binadamu, na nchi inayotaka kuuza kile ambacho mwenzake amekataa kuuza ishauriane naye kwanza. Mwaka 2008 kanuni hizo zikafanywa msimamo wenye nguvu ya sheria.

Tusidanganyike, hata hivyo, kwamba sheria za dunia zimetulinda kikamilifu. Mkataba wa kupiga marufuku silaha za kemikali ulianza kutumika tarehe 29 Aprili 1997, wiki kumi tu kabla ya Sabasaba ile. Mkataba huo unakataza gesi ya kutoa machozi kutumiwa kama mbinu ya vita, lakini unairuhusu katika kutuliza ghasia nchini. Maana yake ni kwamba askari adui vitani amekingwa na gesi ambayo muumini kanisani hakukingwa nayo. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi saba zilizowasilisha mwaka 2006 azimio la Umoja wa Mataifa lililozaa Mkataba wa Biashara ya Silaha, ulioanza kutumika Desemba 2014. Ni sifa kwetu. Lakini mkataba huo unahusu vifaru, ndege za kivita, bunduki na mfano wa hizo. Gesi ya kutoa machozi na rungu havimo katika orodha yake.

Mfano wa pili hauna moshi wala damu, na kwa hiyo ni rahisi kuusahau. Desemba 2002 wananchi waliiondoa KANU madarakani kwa kura, wakaimba na kulia kwa furaha. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2003, serikali mpya ilitia sahihi mkataba wa kununua mtambo wa pasipoti zisizoghushika. Kampuni moja ya Ufaransa ilikuwa imetaja bei ya takriban euro milioni 6. Mkataba ukapewa kampuni iliyoitwa Anglo Leasing and Finance, yenye anwani ya Liverpool, kwa zaidi ya euro milioni 30, na kazi yenyewe ingefanywa na ile ile kampuni ya Ufaransa. Anwani ilipofuatiliwa, haikuonekana kampuni halisi yenye uwezo wa kazi hiyo.

Ni vyema tuelewe ujanja ulivyofanya kazi, maana ndio ufunguo wa fumbo. Muuzaji alijifanya pia kuwa mkopeshaji. Alisema: ninyi ni maskini, hamna fedha taslimu, basi nitawakopesha za kununulia bidhaa yangu. Serikali ikatia sahihi hati za ahadi ya malipo, hati ambazo mwenye nazo aweza kuzidai popote duniani. Kisha mkopaji akatakiwa kumlipa mkopeshaji ada kabla hajaona hata senti ya mkopo. Kwa mkataba wa pasipoti ada hiyo ilikuwa asilimia 3, yaani euro 956,700. Mdaiwa alimpa mdai mtaji wa kumkopesha! Siri ilipofichuliwa bungeni mwaka 2004, kupitia nyaraka zilizowasilishwa na mbunge Maoka Maore, fedha hizo zilirudishwa kimya kimya, na hakuna aliyejitokeza kusema ni zake.

Mkataba wa pasipoti haukuwa peke yake. Ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali mwaka 2006 uliihusu mikataba 18 ya miradi iliyoitwa ya usalama, yenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 50. Baadhi ilitiwa sahihi chini ya KANU na baadhi chini ya NARC. Somo lililomo ni chungu kwetu sote tuliopigania vyama vingi: tulibadilisha chama, hatukubadilisha siri. Aliyeketi kwenye kiti alikuwa mpya. Kabati lililofungwa kwa kufuli la usalama wa taifa lilikuwa lile lile.

John Githongo, aliyekuwa Katibu wa Kudumu wa masuala ya uadilifu, alijiuzulu mwaka 2005 akiwa ng'ambo, na mwaka 2006 ripoti yake ikachapishwa. Uingereza, ambayo balozi wake Edward Clay aliishutumu serikali yetu kwa ukali mwaka 2004, ilianzisha uchunguzi wa ulaghai huo na kuusitisha mwaka 2009, ikisema haikupata ushahidi iliouhitaji kutoka Kenya. Muuzaji alimwonyesha mnunuzi kidole, na mnunuzi akakaa kimya. Kesi zilizofunguliwa hapa nchini mwaka 2015 zilikwenda kwa mwendo wa kobe, na baadhi ziliisha kwa washtakiwa kuachiliwa kwa kukosekana ushahidi wa kutosha. Na Mei 2014, baada ya hukumu za mahakama za ng'ambo, Hazina Kuu iliamriwa kulipa takriban shilingi bilioni 1.4 kwa madai yaliyotokana na mikataba ya ukoo huo huo, ili serikali iweze kuuza hati za dhamana katika masoko ya dunia. Watoto waliozaliwa baada ya mikataba kutiwa sahihi walilipa deni lake.

Lakini hasara kubwa kuliko fedha ni hii. Miongoni mwa mikataba hiyo, mmoja wa mwaka 2001 ulihusu maabara ya polisi ya kuchunguza uhalifu. Maabara ya kitaifa ya namna hiyo ilifunguliwa jijini Nairobi mwaka 2022. Miaka 21 ilipita. Katika miaka hiyo ni mama wangapi walioambiwa kwamba ushahidi wa kumtambua muuaji wa mtoto wao haupatikani? Aliyekula bei ya maabara hakuiba shilingi tu. Aliwaibia wafu ushahidi wao.

Ndugu zetu, wekeni mifano hii miwili kando kwa kando. Katika ule wa kwanza zana zilifika na zikatumiwa dhidi ya raia. Katika ule wa pili zana nyingi hazikufika, na raia akabaki bila ulinzi. Kilichoiunganisha ni neno moja, usalama, likitumiwa kama pazia. Nabii Amosi aliwakemea wauzaji wenye mizani ya udanganyifu na watu waliowakanyaga maskini katika pumzi moja, kwa kuwa alijua ni dhambi za nyumba moja.

Leo tunazo nguzo ambazo wenzetu wa mwaka 1997 hawakuwa nazo. Katiba ya 2010 inatupa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na inataka ununuzi wa umma uwe wa haki na uwazi. Inasema pia kwamba usalama wa taifa uko chini ya mamlaka ya Katiba na Bunge. Hata hivyo, Juni 2024 vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, gesi na risasi zilirudi barabarani, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ikahesabu vifo zaidi ya 50. Nguzo bila walinzi haizuii nyumba kubomolewa.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila kopo la gesi lililorushwa mahali pa ibada au mtaani liokotwe kwa uangalifu baada ya kupoa, lipigwe picha, maandishi yake yanakiliwe pamoja na tarehe na mahali. Jina la mtengenezaji na mwaka wa kutengenezwa ni ushahidi. Pili, tuwaandikie wenzetu wa makanisa dada katika nchi zinazouza. Uingereza huchapisha taarifa za leseni zake, na ya kwanza ilihusu mwaka ule ule wa 1997. Umoja wa Ulaya nao huchapisha zake. Ni ajabu kwamba mwana wa nyumba hulazimika kuuliza kwa jirani kilichopikwa jikoni kwao, lakini maadamu jirani anajibu, tuulize. Tatu, kila mbunge anayekuja kuomba kura au kusimama mbele ya madhabahu na mchango wake aulizwe hadharani: Kamati ya Bunge imekagua lini mikataba ya usalama? Muuzaji ni nani, bei ni ngapi, na kifaa kitamkabili nani? Mipango ya kumvizia adui na ibaki siri. Bei ya redio haimsaidii adui, humsaidia mwizi.

Waliosema mwaka 1990 kwamba vyama vingi vingeleta vurugu walidai wanalinda usalama wetu. Tuliwauliza, usalama wa nani? Swali hilo halijazeeka. Mficha maradhi kilio humuumbua, nasi vilio tumevisikia vya kutosha. Na tuanze kuuliza mapema, kalamu ingali juu ya karatasi, kabla ya kopo kutua kanisani.

Mungu aibariki Kenya.