Haibridi ya Kuchaji na Gari ya Umeme Mtupu: Ipi Inaifaa Pemba?



Hapa Madungu, anayeulizia gari ya umeme huanza na suali moja: chaji itanifikisha wapi? Kwa Pemba suali hilo lisitutishe. Kisiwa kina urefu wa kilomita 67 hivi. Kutoka Chake kwenda Wete na kurudi ni kama kilomita 60, na Nissan Leaf yenye betri ya uniti 40 hutumia takriban uniti 10 kwa safari hiyo, uniti zile zile tunazonunua za Tukuza.

La kuuliza ni umeme wenyewe. Kabla ya 2010 tulitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Gari ya umeme wakati ule ingekunywa dizeli kwa mlango wa nyuma. Mwaka huo tukaungwa na gridi ya Taifa kwa waya wa baharini wa kilovolti 33 kutoka upande wa Tanga, kwa msaada wa Norway. Leo umeme huo unatokana zaidi na maji na gesi asilia, ilhali petroli bado tunaisubiri meli.

Haibridi ya kuchaji ina injini ya petroli pamoja na betri ndogo. Toyota Prius ya aina hiyo iliyotoka 2017 ina uniti 8.8. Umeme ukikatika usiku, daktari wa zamu bado anafika hospitali. Lakini sharti ichajiwe. Ripoti ya Tume ya Ulaya ya 2024 ilionesha kuwa gari hizi, zikiwa barabarani, hutoa hewa ya ukaa mara tatu na nusu ya vipimo vya maabara, na sababu moja ni kuwa wenyewe hawazichaji vya kutosha. Asiyechaji amenunua gari ya petroli iliyobebeshwa betri, na oili na plagi zinamsubiri vile vile.

Kinachonishughulisha zaidi ni soketi. Gari huvuta ampea 10 mfululizo kwa saa nne, tano. Ekstensheni nyembamba, tena iliyokunjwa, huchemka. Plastiki hugeuka rangi ya kahawia kando ya pini kabla haijayeyuka. Kwa hiyo fundi umeme atangulie kabla ya gari kushuka bandarini: laini ya peke yake, breka yake, na ethi inayofanya kazi. Anayeishi ghorofa ya juu bila ya pahala pa kuchaji achukue haibridi ya kawaida, ile isiyochomekwa kwenye soketi.

Mwenye nyumba na uwanja wake, nampendekezea umeme mtupu. Ila akinunua Leaf iliyotumika, aiwashe kwanza na ahesabu vistari vya uzima wa betri kwenye dashibodi. Ikiwa mpya huwa 12. Betri hiyo hupozwa kwa hewa tu, na joto letu huizeesha haraka.