Ngoma Iingie Kwenye Ratiba



Katika shule nyingi ngoma hutolewa stoo siku anapokuja mgeni rasmi. Watoto hucheza, hupigiwa makofi, kisha ngoma hurudishwa stoo. Mimi nadai kwamba ngoma ni somo kamili, na kwamba walimu wake ni wazee wetu.

Wenyeji wa Hawaii walijifunza hili kwa uchungu. Mwaka 1830 Malkia Kaahumanu, akiwa ameshabatizwa, alipiga marufuku uchezaji wa hula, ngoma yao ya jadi, hadharani. Mfalme Kalākaua aliirudisha kwenye sherehe za kutawazwa kwake mwaka 1883. Lakini ufalme ulipopinduliwa, sheria ya mwaka 1896 ikaifanya lugha ya shule kuwa Kiingereza, na watoto wakakua hawaelewi nyimbo za bibi zao. Ndipo mwaka 1984 ikafunguliwa shule ya kwanza ya awali ya Pūnana Leo, inayofundisha kwa Kihawaii. Mwanafunzi wa hula husoma maneno pamoja na mwendo: ni chifu gani anayesifiwa, ni mvua ya bonde lipi. Kabla ya kuchuma majani ya taji msituni, huomba ruhusa kwa wimbo.

Sisi hapa Litapunga, mkoani Katavi, tumepakana na Katumba, makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia watu wapatao 162,000 wa kundi hilo, na mwaka huohuo UNESCO ikaziingiza ngoma za kifalme za Burundi kwenye orodha yake ya urithi. Zitazameni kwa karibu. Ngoma iitwayo inkiranya hukaa katikati. Ngoma za amashakwe hushika mdundo usiobadilika, na zile za ibishikiso humfuata mpigaji aliye katikati, naye akichoka humpisha mwenzake. Ngoma huchongwa kwenye gogo zima la mringaringa, ngozi ya ng'ombe ikabanwa kwa vigingi. Kwa hiyo anayetaka ngoma lazima apande mringaringa, na shule zetu zina eneo la kutosha.

Liko jambo moja gumu. Mwaka 2017 amri ya rais wa Burundi iliwakataza wanawake kuzipiga ngoma hizo. Nawaheshimu wazee wanaoshikilia mila hiyo, lakini shule ni ya watoto wote, na nasema wazi: wasichana nao wapewe fimbo za kupigia ngoma.

Wala tusiishie kwenye ngoma za Warundi. Wazee wa Kibende na Kipimbwe waitwe pia, wawaeleze watoto kwa nini watu huacha sadaka chini ya mkwaju wa Ziwa Katavi, kwenye mzimu uliolipa jina eneo hili na sasa mkoa mzima.

Kamati za shule zianze na vipindi viwili kwa wiki, na posho ya mzee iandikwe kwenye bajeti kama ya mwalimu yeyote wa kujitolea.