Bila Kikomo, Vigezo na Masharti Kuzingatiwa: Haki ya Mteja Anayepunguziwa Kasi ya Intaneti



Nimeombwa nizungumzie kampuni za intaneti zinazowapunguzia kasi wateja wenye matumizi makubwa, ilhali wateja hao wamelipia kifurushi kisicho na kikomo. Niseme mapema ninaposimama. Sipingi kampuni kusimamia msongamano kwenye mtandao wake, maana mtandao usiosimamiwa huwaumiza wote. Ninachopinga ni kutangaza jambo moja kwenye bango na kutekeleza jingine kwenye mitambo, kisha mteja aachwe agundue mwenyewe.

Kesi ya AT&T

Mfano unaotufaa zaidi unatoka Marekani, kwa sababu shauri lake lilifika mahakamani na takwimu zake zikawekwa hadharani. Simu ya iPhone ilipoingia sokoni mwaka 2007 ikiwa kwenye mtandao wa AT&T pekee, kampuni hiyo iliwavuta wateja kwa data isiyo na kikomo kwa malipo ya mwezi. Juni 2010 iliacha kuwauzia wateja wapya kifurushi hicho, lakini waliokuwa nacho wakaruhusiwa kuendelea nacho.

Mwaka 2011 kasi ikaanza kupunguzwa. Mteja akishafikisha kiasi fulani cha data ndani ya mwezi wake wa malipo, kasi ilishuka na kubaki chini mpaka mwezi mwingine uanze. Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani, FTC, ilieleza kwamba wapo walioguswa baada ya kutumia GB 2 tu, na kwamba kwa baadhi yao kasi ilishuka kwa asilimia 80 hadi 90. Wateja waliopunguziwa walikuwa si chini ya milioni 3.5, na kwa jumla walipunguziwa zaidi ya mara milioni 25. Aliyechoka akataka kuondoka kabla mkataba haujaisha alidaiwa gharama ya kuuvunja, na gharama hiyo ilifikia mamia ya dola. Yaani kampuni iliweza kubadilisha ilichouza katikati ya mkataba bila kulipa chochote, lakini mteja hakuweza kujitoa bila kulipa.

Tume ilifungua kesi Oktoba 2014. Mwenyekiti wake wakati huo, Edith Ramirez, alisema suala lenyewe ni jepesi: bila kikomo maana yake ni bila kikomo. Kampuni ilijitetea kwa kudai kwamba FTC haina mamlaka juu yake, kwa kuwa yenyewe ni mtoa huduma ya mawasiliano kwa umma na ina msimamizi mwingine. Ubishi huo wa mamlaka ulikula miaka. Mwaka 2016 majaji watatu wa rufaa waliikubalia kampuni. Februari 2018 jopo kubwa la mahakama hiyohiyo likaupindua uamuzi huo. Novemba 2019 pande mbili zikafikia suluhu: AT&T ikakubali kutoa dola milioni 60, na ikazuiwa kutangaza huduma isiyo na kikomo bila kueleza waziwazi mipaka ya kasi. Maelezo hayo hayaruhusiwi kufichwa kwenye maandishi madogo wala nyuma ya kiungo.

Ukizigawa fedha hizo kwa wateja milioni 3.5, hazifiki dola 18 kwa kila mmoja. Kosa lilianza 2011, suluhu ikaja 2019. Haya yametokea katika nchi ambayo chombo chake cha kulinda walaji kina mawakili wengi na bajeti kubwa. Mteja mmoja wa Mbagala au Nyamagana, anayedai shilingi elfu kadhaa za kifurushi, hana njia ya kufika huko peke yake. Kwa hiyo ulinzi wake lazima uwe kwenye kanuni kabla hajanunua, kwa sababu fidia ikija baadaye itamkuta ameshasahau hata alichodai.

Msongamano una saa yake na mahali pake

Watoa huduma wana hoja, na sehemu ya hoja hiyo ni ya kweli. Masafa ya redio ni rasilimali ya pamoja. Watu wote walio chini ya mnara mmoja wanagawana uwezo wa mnara huo, na wachache wakipakua filamu mfululizo jirani zao huona intaneti inazunguka tu. Bei ya kifurushi pia imepangwa kwa kudhani kwamba wengi watatumia kidogo. Tunajua wapo wanaonunua kifurushi kimoja cha nyumbani wakakisambaza kwa wapangaji wa nyumba tatu na kuwatoza fedha. Hilo ni kosa la mkataba na lishughulikiwe kama kosa la mkataba.

Tuangalie sasa dawa inayotolewa kama inalingana na ugonjwa. Mitambo ya kampuni huhesabu data ya kila laini tangu mwanzo wa mwezi. Hesabu ikifika kiwango kilichowekwa, laini huhamishiwa kwenye daraja la kasi ndogo, na kuanzia hapo kila kitu kinachopita hubanwa, mchana na usiku. Lakini msongamano hautokei kwa mwezi. Hutokea saa fulani, chini ya mnara fulani. Mnara unaohudumia mtaa wenye watu wengi huelemewa jioni watu wakirudi nyumbani; saa 9 usiku una nafasi tele. Anayepakua masomo saa 9 usiku hamzuii mtu yeyote, ila kikomo cha mwezi humwadhibu sawasawa na anayetazama mpira saa 2 usiku. FTC iliigusa hoja hii katika mashtaka yake: AT&T ilipunguza kasi bila kujali kama mtandao ulikuwa umejaa mahali hapo na wakati huo. Kwa hiyo kampuni ikiniambia inabana ili kupunguza msongamano, nitaomba inionyeshe ni mnara upi na ni saa ngapi. Ikishindwa, kinachofanyika ni kumsukuma mteja anunue kifurushi kikubwa zaidi.

Tutazame pia kinachobaki mkononi mwa mteja. Chukua laini iliyoshushwa hadi kilobiti 128 kwa sekunde. Ukurasa wa wavuti wenye MB 2 utachukua dakika mbili na ushei kufunguka. Faili la GB 1 litachukua zaidi ya saa 17. Ujumbe wa maandishi wa WhatsApp unapita, picha inasuasua, mkutano wa video hauwezekani. Taa za ruta zinawaka kama kawaida, alama ya mtandao kwenye simu imejaa. Mteja anazima ruta na kuiwasha, anaihamishia dirishani, anapeleka simu kwa fundi, mwisho ananunua bando la siku kwenye laini nyingine ili amalize kazi. Analipa mara mbili kwa sababu hakuna aliyemwambia kilichotokea.

Moto wa Mendocino

Wapo wanaoliona jambo hili kama malalamiko ya vijana wapenda filamu. Kisa kifuatacho kinawajibu. Mwaka 2018 moto mkubwa wa Mendocino uliwaka kaskazini mwa California, wakati huo ukiwa mkubwa kuliko yote iliyokuwa imewahi kurekodiwa katika jimbo hilo. Kikosi cha zimamoto cha Santa Clara kilikuwa na gari la uratibu lililotegemea intaneti ya kampuni ya Verizon kufuatilia watu, magari na vifaa. Kifurushi chao kilikuwa cha bila kikomo. Walipovuka kiwango cha matumizi, kasi ilishuka hadi takribani moja ya mia mbili ya kawaida. Mkuu wa kikosi, Anthony Bowden, alilieleza hilo kwa kiapo mahakamani. Askari walilazimika kutumia simu zao binafsi, na walipowasiliana na kampuni walielekezwa kununua kifurushi cha bei ya juu. Baadaye Verizon ilikiri kwamba wahudumu wake walikosea, kwani utaratibu wa kampuni ulikuwa kuondoa kizuizi wakati wa dharura.

Naamini kwamba hapakuwa na nia mbaya. Ila utaratibu unaotegemea mhudumu akumbuke, wakati mitambo imeshabana, hautoshi. Mitambo haijui kama data inakwenda kwenye filamu, kwenye zahanati au kwenye gari la zimamoto. Inahesabu tu.

Hapa kwetu

Vifurushi vya nyumbani visivyo na kikomo vimeenea Afrika Mashariki kwa njia ya faiba na ruta za 4G na 5G. Nchini Kenya, Safaricom iliweka viwango vya matumizi ya haki kwenye faiba yake ya nyumbani. Kwetu Tanzania, kanuni za vifurushi zilizotangazwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, mwaka 2021 ziliwataka watoa huduma wamjulishe mteja anapofikisha asilimia 75 na asilimia 100 ya kifurushi chake. Hiyo ilikuwa hatua njema sana. Tatizo ni kwamba kifurushi kinachoitwa cha bila kikomo hakina asilimia 75. Kampuni inakijua kiwango kitakachomshusha mteja kasi, na mitambo yake inakihesabu kila siku, lakini kwa kuwa hakiitwi ukomo wa kifurushi mteja hapati taarifa. Hapo pana pengo, nalo linaweza kuzibwa bila sheria mpya: mamlaka ikielekeza tu kwamba kiwango chochote kinachobadilisha kasi kihesabiwe kuwa ukomo kwa ajili ya taarifa hizo, mteja atajulishwa mapema na ataweza kupanga matumizi yake.

Ningependa pia tangazo liseme mambo mawili kwa herufi za ukubwa uleule wa neno lililotumika kuvutia: ni GB ngapi zitatumika kabla kasi haijashuka, na itashuka hadi ngapi. Siku hizi tangazo la redio humaliza kwa kukimbiza maneno “vigezo na masharti kuzingatiwa”, na vigezo vyenyewe vinakaa kwenye tovuti, kwa Kiingereza, ukurasa wa kumi na kitu. Mama lishe aliyeweka intaneti ili apokee oda za ofisini hataufikia ukurasa huo. Kasi inayobaki nayo iwe na kima cha chini kinachomwezesha mtu kufanya malipo, kusoma na kupiga simu ya sauti ya mtandaoni. Na kampuni ikibadilisha kiwango katikati ya mkataba, mteja awe huru kuondoka bila kudaiwa hata senti.

Ndugu watetezi wa walaji, wafundisheni watu kuweka ushahidi. Mteja apime kasi siku anayowekewa huduma, apime tena inaposhuka, apige picha ya skrini yenye tarehe, alalamike kwanza kwa mtoa huduma na kupewa namba ya lalamiko, kisha aende TCRA. Malalamiko yasiyo na tarehe hayafiki mbali.

Ndugu wawakilishi wa kampuni mliomo ukumbini, kiwango mnakijua, na kasi inayobaki mnaijua. Naomba mviandike kwenye tangazo lenu lijalo, kwa Kiswahili, kabla hamjalazimishwa.